Roketi Iliyoniwakia Mgongoni Ukweni

Kabla ya mambo haya nilikuwa mtu mwenye afya njema na matako mazima. Nawaomba radhi kwa neno hilo mapema, kwa sababu litarudi mara nyingi. Nilijaribu kuandika ushuhuda huu kwa kusema "sehemu za nyuma", mke wangu akausoma na kuniuliza kama niliungua au niliegesha gari.

Nafundisha fizikia katika shule ya sekondari hapa Kasongo, Maniema. Jioni natengeneza redio na simu. Jumamosi, mimi na walimu wenzangu wawili tunarusha roketi. Ni roketi za kujifurahisha tu: mwili wake ni bomba la plastiki la maji, mapezi ni mbao nyepesi za dari, na mwavuli wa kushukia tunaukata kwenye miavuli mibovu ya sokoni. Mota zenyewe, yaani mirija ya baruti inayoisukuma roketi, ni ndogo, za karatasi ngumu, na rafiki yangu mmoja wa Bukavu ndiye anayenipatia. Mkuu wa shule anasema ni masomo ya vitendo. Mke wangu Zawadi anasema ni utoto.

Mwaka ule tulikuwa tumechoka na roketi za mota moja. Tulitaka ya sehemu mbili, moja juu ya nyingine. Sehemu ya chini haina shida: unaiwasha ukiwa mbali, kwa waya mrefu na betri. Sehemu ya juu ndiyo yenye maneno. Hiyo inapaswa kuwaka yenyewe ikiwa hewani, baada ya ile ya chini kumaliza moto wake, na hakuna mtu wa kupanda kule na kiberiti. Kwa hiyo inabeba akili yake ndani: betri ya simu, saa ndogo ya umeme, na springi iliyokaliwa na kipande cha chuma. Roketi ikisukumwa juu, chuma kinaibana springi, springi inagusa waya, saa inaanza kuhesabu. Saa ikimaliza, umeme unaingia kwenye kiwashio, yaani ule waya mwembamba uliochomekwa ndani ya tundu la mota, na moto unatoka.

Basi Zawadi alikuwa amekwenda kujifungua kwa mama yake, kijiji kimoja karibu na Wamaza, kama inavyofanywa kwa mtoto wa kwanza. Habari ikanifikia kwamba ni msichana, na wote wazima. Nililia darasani mbele ya wanafunzi, kisha nikawaambia ni vumbi la chaki. Siku hiyohiyo nikaamua kwamba binti yangu atapokewa duniani kwa roketi ya sehemu mbili.

Mimi si mtu wa ovyo. Naijua barabara ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare, ndiyo inayofika kwa wakwe zangu, na nilijua mashimo yake yangeweza kuidanganya springi. Kwa hiyo niliipima. Nilikaa nyuma ya pikipiki ya rafiki yangu Saleh, springi mfukoni ikiwa na taa ndogo badala ya kiwashio, tukapita katika mashimo yote mabaya ya Kasongo, na mengine tuliyarudia. Mwanzoni taa iliwaka kila shimo. Nikatengeneza springi ngumu zaidi, nikaongeza kitu cha kuchelewesha umeme, ili saa isianze mpaka msukumo udumu kidogo. Shimo linakupiga mara moja na kukuacha. Roketi inasukuma na kuendelea kusukuma. Baada ya hapo tulipita kila mahali na taa haikuwaka. Nilijisifu sana.

Jambo moja tu nililifanya kwa kuona haya. Kanuni ni kwamba kiwashio cha sehemu ya juu kinawekwa mwisho kabisa, roketi ikiwa imekwisha kusimama na watu wako mbali. Lakini nilijiona mbele ya wakwe zangu nimechuchumaa na bisibisi, wazee wananitazama kama fundi aliyeshindwa. Nikataka nifike, nisalimie, nisimamishe, nirushe. Kwa hiyo nikaweka kiwashio nyumbani, nikaunganisha betri, nikafunga pua ya roketi kwa gundi. Swichi ya nje sikuweka. Nilisema itaharibu rangi.

Sehemu ya chini niliifunga kwenye mzigo. Sehemu ya juu nikaibeba mgongoni kwa kitenge, pua juu, mota chini, kama mama anavyobeba mtoto. Saleh alinitazama akasema kwamba sasa kumebaki kunyonyesha tu. Tukaondoka.

Barabara ilitutesa vizuri. Tulianguka mara moja kwenye matope, tulivuka daraja la magogo kwa kusukuma, na roketi ikanyamaza mgongoni. Nilipoona paa za kijiji cha wakwe zangu niliimba.

Sasa niwaambie kuhusu mashemeji. Zawadi ana kaka wanne, wote wamewahi kuchimba dhahabu Salamabila, na wote wana mikono ya kazi hiyo. Mkubwa wao ni Amuri. Kule kwao, baba wa mtoto wa kwanza akiingia kwenye uwanja wa nyumba kwa mara ya kwanza, haingii kwa miguu. Kaka za mke wanamkamata na kumrusha juu huku wanawake wanapiga vigelegele, mpaka aseme amechoka kufurahi. Zawadi hakunieleza. Aliniambia baadaye kwamba alidhani kila mtu anajua.

Walinitoa kwenye pikipiki kabla Saleh hajazima injini. Nilisema, "Ngojeni, kuna kitu mgongoni," lakini vigelegele vilikuwa vingi. Wakanirusha. Mara ya kwanza walikuwa wananipima uzito. Mara ya pili waliweka nguvu zao zote, kwa utaratibu, kwa pamoja, msukumo mrefu na laini kutoka magotini mwao hadi juu ya vichwa vyao. Nilipima mashimo yote ya barabara. Mashemeji sikuwapima.

Kwa haki, chombo kilifanya kazi yake. Kilisukumwa juu, kikahesabu, na waliponirusha tena kikawaka hewani, kama nilivyokitengeneza.

Nilisikia mlio kama wa sufuria kubwa ya mafuta iliyomwagiwa maji. Halafu nikasikia moto. Ulipita kwenye mgongo wa chini, ukashuka kwenye matako, ukasimama zaidi upande wa kushoto, na suruali yangu ya harusi ikaondoka duniani. Mashemeji walifanya jambo la busara, waliniacha. Nilianguka kwa tumbo. Roketi ikachana kitenge, ikapita juu ya jiko la wanawake, ikazunguka bila kujua inakokwenda, ikajichoma kwenye shamba la mihogo. Namshukuru Mungu kwamba pale hapakuwa na mtu. Nikifikiria kwamba Zawadi alikuwa mlangoni na mtoto mikononi, mpaka leo naamka usiku kwenda kuwatazama wanavyolala.

Amuri alinimwagia ndoo nzima ya maji. Kisha akainama, akatazama, akasema kwa upole, "Mwalimu, kukaa kumeisha kwanza."

Nyama ilikuwa imeungua kutoka kiunoni hadi mwanzo wa paja. Malengelenge yalisimama papo hapo, makubwa, yamejaa maji. Kulia ngozi ilikuwa nyekundu tu. Kushoto ilikuwa nyeupe na nyeusi, na katikati palikuwa na tundu dogo ambalo halikuuma hata kidogo. Mimi niliona kutouma ni habari njema.

Kila mtu akaanza kusema, "Mwite munganga," yaani muuguzi wa kituo cha afya. Halafu kila mtu akanyamaza, kwa sababu walikumbuka munganga ni nani.

Kituo cha afya cha kijiji kile kina wauguzi wawili. Mmoja ni mwanaume, na wiki ile alikuwa ameifuata dhahabu Salamabila bila kuaga. Wa pili, ambaye ndiye mkubwa wa kituo, ni Mama Feza. Mama Feza ni mama mkwe wangu.

Msomaji wa mbali anaweza kuuliza tatizo ni nini. Tatizo ni kwamba tangu nioe, mimi na Mama Feza hatujawahi kutazamana usoni. Nikipita, anajifunika kanga kichwani na kugeukia migomba. Akitaka kuniambia neno, anamwambia mtu mwingine nikiwa nasikia. Siwezi kula mbele yake. Siwezi kukaa kwenye mkeka aliokalia. Ndiyo heshima, na nilikuwa naishika bila shida yoyote, mpaka siku ambayo kitu pekee nilichokuwa nacho cha kuonyesha kwa munganga ni matako.

Nilisema afadhali nirudi Kasongo. Saleh akaenda kuangalia njia, akarudi na kusema mvua ya milimani imechukua magogo ya daraja tulilovuka asubuhi. Yeye mwenyewe angelala kwa ndugu zake.

Basi familia ikakaa, ikapata suluhisho. Nililazwa kifudifudi kwenye chumba cha Zawadi. Katikati ya chumba ukatundikwa mkeka. Mama Feza akaketi upande wa pili wa mkeka, amegeukia ukuta, na sanduku lake la dawa. Yeye angesema, Zawadi angefanya.

"Muulize kama inauma," sauti ikasema nyuma ya mkeka.

"Mama anauliza kama inauma," Zawadi akasema.

Nilikuwa nimesikia. Lakini ilibidi nisubiri. "Mwambie inauma sana kulia, kushoto kidogo tu."

"Anasema inauma kulia, kushoto kidogo tu."

Nyuma ya mkeka sanduku la dawa likafunguliwa upya. Mama Feza hakupenda hilo la kushoto, kwani mahali pasipouma ndipo moto umeingia ndani.

Ndivyo nilivyotibiwa siku zile za mwanzo. Mkono wa Mama Feza ulitokea chini ya mkeka na bakuli la maji yaliyochemshwa na kupozwa, kisha na pamba, kisha na marhamu, kisha na vidonge. Zawadi, ambaye alikuwa na uzazi wa juzi na mtoto anayetaka ziwa kila saa, aliosha kama alivyoweza. Tatizo la Zawadi ni huruma. Mama yake alisema ngozi iliyokufa iondolewe, na mimi nikasema "ai", na Zawadi akaiacha. Akamwambia mama yake ameiondoa. Nilimsikia akidanganya na nilimpenda sana.

Wageni walikuja kunipa pole. Kwa kuwa nilikuwa nimelala kifudifudi, uso ukiwa pembeni mwa kitanda, sikuona nyuso zao. Niliona miguu. Niliwajua wazee wote wa ukoo kwa vidole. Mmoja alileta mafuta ya breki, akasema ndiyo wanayotumia machimboni. Mwingine alileta dawa ya meno. Mama Feza alikuwa akikohoa nyuma ya mkeka kwa namna fulani, na mgeni alirudi na dawa yake.

Na mtoto wangu nilimwona kwa mara ya kwanza akiwa amelazwa sakafuni kwenye kitenge, chini ya uso wangu. Nilimtazama kutoka juu kama mtu anayetazama kisimani. Nilitaka kumbeba. Ndicho kitu pekee nilichotaka: nisimame kwa miguu yangu miwili nimbebe binti yangu.

Halafu homa ikaja. Kwanza baridi iliyonitikisa mpaka kitanda kikalia, kisha joto. Tako la kushoto lilivimba, likawa gumu na linang'aa, na uvimbe ukaanza kushuka kwenye paja. Mguu ukawa mzito, nikikunja goti nauma meno. Kile kitundu ambacho hakikuuma kilianza kutoa usaha wa kijani. Harufu nilikuwa naisikia mwenyewe, na nzi walikuwa wakija kutoka mbali.

"Muulize kama iko na harufu."

"Mama anauliza kama iko na harufu."

"Mwambie hapana," nikasema. Niliona aibu. Mtu mzima, mwalimu wa fizikia, amwambie mama mkwe wake kwamba ananuka.

Zawadi aliinusa pamba. Kisha akaanza kulia, kwa sauti, na pamba mkononi. Alisema, bila kumtaja mtu, kwamba mguu unaoza na yeye hajui anachofanya.

Nilisikia kiti kikisukumwa. Hatua zikatoka nje, na nikafikiri Mama Feza ameondoka kwa aibu. Amuri alikuwa mlangoni, nikamsikia anauliza mama anaenda wapi. Alikwenda kituoni. Aliporudi nilisikia viatu vya mpira badala ya kandambili, na ule mkeka ukashushwa kwa mkono mmoja. Nikaona pindo la koti jeupe.

Amuri akasema, kwa heshima lakini kwa hofu, kwamba wazee watasema.

Mama Feza alimjibu akiwa ananawa mikono. "Mukwe wangu nimemuacha nyumbani kwake Kasongo, anikute siku ingine. Hapa iko mugonjwa. Mugonjwa haina haya, na mimi niko kazini."

Kisha, kwa mara ya kwanza maishani, aliongea na mimi mwenyewe. "Mwalimu. Hii itauma. Kama unataka kulia, lia, hakuna mutu atasema."

Nililia. Nilimwita mama yangu, na bibi yangu ambaye alikwisha kufa, na kuna wakati nilimwita mkuu wa shule. Mashemeji wawili walishika miguu, Amuri alishika mabega, na ngozi yote iliyokufa ikaondoka. Mama Feza hakuwa na huruma ya Zawadi, na ndiyo maana nina mguu. Alibonyeza, usaha ukatoka kwa wingi, akabonyeza tena, akachunguza kile kitundu, akaomba kibano. Akavuta polepole. Nikasikia kitu kidogo kikidondoka kwenye bakuli la chuma.

"Hii nini?"

Niligeuza kichwa. Ulikuwa waya mwembamba, mweusi. Mota inapowaka inakitema kiwashio chake nje kwa nguvu ya moto, na changu kilikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda.

"Ni waya wa kuwasha roketi, Mama," nikasema.

Aliutazama kwenye mwanga wa dirisha. "Na huwa unafungwa lini, huu?"

"Unafungwa mwisho, Mama. Roketi ikiwa imesimama na watu wako mbali."

Alinipiga sindano kwenye lile tako zima, na naamini aliipiga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Alikuja kila asubuhi na koti lake. Alisema wazi mbele ya wote kwamba kama uvimbe ukipita goti, watanibeba kwa machela, wavuke mto kwa mtumbwi, waende Kasongo, na kule daktari anaweza kuukata mguu. Tulichora mstari wa kalamu kwenye paja kuona uvimbe umefika wapi. Zawadi alikuwa akiutazama mstari ule kabla ya kunisalimia. Siku moja uvimbe ulikuwa umeupita mstari na kulikaribia goti. Siku iliyofuata ulikuwa palepale. Halafu ukaanza kurudi juu, na Zawadi akakaa chini sakafuni akacheka mpaka mtoto akashtuka.

Homa iliisha. Nyama nyekundu ikaanza kujaa kutoka chini, ikawasha kuliko nilivyoungua. Nikasimama nikiwa nimeshika ukuta. Nikatembea kama bata. Asubuhi moja nikasimama katikati ya chumba bila kushika kitu, Zawadi akaniwekea binti yangu mikononi, na nikamtembeza hadi mlangoni kwa mwendo wangu wa bata. Mama Feza alikuwa amekwisha kutoka.

Daraja lilipojengwa, Saleh alinirudisha Kasongo nikiwa nimepiga magoti kwenye kiti cha pikipiki, na nilipita mitaa yote hivyo. Daktari wa hospitali alikichunguza kidonda kwa muda mrefu, akauliza ni nani aliyekisafisha, kwa sababu ni kazi nzuri. Nikamwambia ni mama mkwe. Daktari ni mtu wa huku huku Maniema. Akavua miwani yake. "Mama mukwe yako kabisa? Alikuona?" Nikasema aliona yote. Akanipa pole upya, na hii ya pili ilikuwa ya kweli zaidi.

Kwa hiyo ninyi mnaopenda roketi, nisikilizeni. Kiwashio cha sehemu ya juu ni kitu cha mwisho kuwekwa, roketi ikiwa imesimama kwenye reli yake na kuelekea mahali pasipo na mtu. Mpaka wakati huo ncha zake mbili zisokotwe pamoja ili umeme wa bahati mbaya usiingie. Wekeni swichi ya nje, hata ikiharibu rangi. Na msiamini springi peke yake, springi haijui tofauti ya anga na ukwe. Sisi sasa tumeongeza kipimo cha hewa kinachojua kimo na kingine kinachojua mwinamo, na mpaka hivyo navyo vikubali kwamba roketi iko juu kuliko minazi, na haijalala upande, umeme haupiti. Tumeirusha hivyo mara nyingi, na inawaka inapotakiwa.

Na ninyi msiopenda roketi, mkiwa na kidonda, kionyesheni. Kama kinanuka, semeni kinanuka. Mimi nilikaribia kuzikwa na heshima yangu yote.

Nilipopona vizuri, wazee wa pande zote mbili wakasema haya iliyovunjika lazima irudishwe. Nikanunua mbuzi, nikaenda naye ukweni, mara hii bila kitu mgongoni. Mama Feza alikuwa ameketi uani, kanga kichwani, amegeukia migomba, kama zamani. Nilimfunga mbuzi, nikapiga magoti mbali, nikasema maneno ya shukrani niliyokuwa nimeyaandaa njia nzima, na nusu yake niliyasahau kwa sababu machozi yaliniharibia.

Aliikaza kanga yake kichwani. Kisha akamwambia Zawadi, aliyekuwa kati yetu na mtoto: "Mwambie mukwe wangu mbuzi nimepokea. Mwambie mimi sikuona kitu, sijui kitu. Na mwambie kovu la kushoto iko ngozi nyepesi, alipake mawese kila jioni, asiache."

Nalipaka kila jioni.